Muhuri wa Kumi na Mbili

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitasema kwa kifupi nilivyofika hapa. Kiwanda cha mashati kilifungwa bila kutuaga. Mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tulitoka mlango mmoja siku moja, kila mtu na aproni yake kwapani. Tukapewa posho ya kukosa kazi kwa miezi sita, na miezi sita ikayeyuka kama kipande cha sabuni. Binti yangu amebakiza miezi mitatu amalize chuo cha uuguzi. Ndipo tukaambiwa wakubwa wametuonea huruma, posho inaongezwa miezi mitatu.

Nilipiga magoti nikashukuru. Nilishukuru mapema.

Maana huruma hiyo ilikuja na kadi.

Kadi ya kijani, picha yako juu, ndani visanduku kumi na viwili. Kila kisanduku kinataka muhuri wa mahali ulipoomba kazi ukanyimwa. Vyote vikijaa, umethibitisha kwamba unatafuta kazi kwa moyo wako wote, na muda unaongezwa. Kimoja kikibaki kitupu, wewe ni mvivu, na uvivu wako unaandikwa kwenye faili.

Niliwaacha nikiwa na mihuri kumi na mmoja na siku moja mkononi. Leo nawaeleza siku hiyo. Mnisome hadi mwisho kabla hamjanihukumu, ingawa najua wapo ambao wameshaanza.

Asubuhi niliamka, nikanawa, nikasali. Nadhani mimi ndiye mwanamke wa kwanza kumsumbua Mungu alfajiri akimwomba anyimwe kazi. Ombi lenyewe lilikuwa gumu kulipanga, kwa hiyo nilifumba macho muda mrefu na nikasali kwa sauti, ili nisije nikaeleweka vibaya huko juu.

"Nifungie mlango mmoja tu, Baba. Mmoja tu, na mwenye mlango awe na muhuri."

Nilipofumbua macho, wifi alikuwa mezani anafunga zipu ya mkoba wangu.

"Leo umeomba sana," akasema. "Umempa na anwani, au umeacha aitafute mwenyewe?"

"Usimtanie Mungu, wifi."

"Simtanii yeye, nakutania wewe. Kadi yako nimeshaiweka humu. Usiitoetoe njiani, mawingu yale si ya kuaminika."

"Wewe yako ulipeleka?"

"Jana. Kumi na mbili kamili."

"Mimi mwenye miguu mizima nimezunguka mji wote nimepata kumi na moja. Wewe na magoti hayo umeipataje kumi na mbili?"

"Nina sura ya kukataliwa. Wakiniona tu mlangoni, muhuri tayari." Akanisukumia mkoba. "Nenda. Saa saba nitakuja kukuchukua, turudi wote."

Nilicheka. Mimi, ambaye nimelishwa kwa kuona kasoro, nilicheka nikavaa viatu.

Hapo niwaeleze kazi yangu, la sivyo mtapotea mbele. Pale kiwandani nilikuwa mkaguzi. Kila shati lilipita mezani kwangu kabla ya kuingia kwenye boksi. Nilikuwa na maneno mawili tu: inapita, inarudi. Waliniita Mama Kasoro, na hawakuniita hivyo kwa mapenzi. Wifi alikuwa meza ya matundu ya vifungo, anapasua tundu moja moja kwa kisu kidogo. Nimemrudishia mashati miaka tisa, na bado tunalala nyumba moja. Hiyo peke yake ni muujiza.

Haya. Mlango wa kwanza ulikuwa wa dobi, nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimchagua kwa sababu mlangoni kulikuwa na kibao chenye herufi nyekundu: HATUNA NAFASI ZA KAZI. Kwa mtu mwenye shida yangu, kibao hicho kilikuwa kinaita karibu mgeni.

Ndani mvuke mtupu, na mashine nne, moja inatetemeka kama ina homa.

"Shikamoo, mama," dobi akasema, pasi mkononi.

"Marahaba, baba. Nimekuja kuomba kazi."

"Unaweza kunyoosha kola?"

Hapo nilipaswa kusema siwezi. Ulimi wangu haujafundishwa hivyo. "Naweza."

"Na doa la chai, ukiliona utalijua?"

"Kama lile la kwenye shati ulilomaliza kukunja. Chini ya kwapa la kulia."

Akalikunjua. Doa lilikuwepo, limetulia.

"Anza Jumatatu," akasema.

"Lakini kibao chako kinasema hakuna nafasi."

"Kibao ni cha kufukuza wasio na macho. Wewe anza. Miezi mitatu ya majaribio, halafu habari za mshahara tutaziangalia."

"Miezi mitatu bila mshahara."

"Unajifunza, mama. Kwingine wangekutoza ada."

"Basi ninyime. Nipigie muhuri hapa kwamba umeninyima, niende zangu."

"Nitakunyimaje na nimeshakupa?"

"Umenipa nini?"

"Si kazi hiyo."

Sasa oneni nilipokwama. Kanuni tulishasomewa: aliyepata kazi hahitaji posho, na aliyekataa kazi hastahili posho. Kuhusu mshahara kanuni haisemi neno. Walioiandika walikuwa na mshahara wao, haikuwajia akilini.

Dobi alikuwa ameshafungua daftari. "Jina lako nani, nikuandike?"

Nikamwambia nimeacha chungu motoni. Chungu hakikuwepo na moto haukuwepo. Huo ndio uongo wa kwanza wa siku ile, na nimeshautubia.

Nilifika ofisi ya posho saa tano na nusu. Wanafunga saa saba. Foleni ilikuwa inatoka mlangoni, na mbele yangu kinyozi mmoja niliyezoea kukutana naye pale.

"Ngapi, mama?" akaniuliza.

"Kumi na moja."

"Mimi nilikuwa nimekwama hapohapo. Juzi nikaenda hadi makaburini kuomba. Wakaniambia nafasi zipo tele, ila si za kazi."

"Wakakupigia?"

"Wakanipigia. Wale ni waungwana." Akakuna kidevu. "Wewe jaribu popote. Hata hapa. Hapa si mahali pa kazi?"

Alisema kwa mzaha. Mimi mzaha wake nikauchukua mzima mzima, nikaenda nao dirishani.

Dirisha la tatu hukaa kijana tunayemwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo neno analolijua vizuri kuliko mengine.

"Kadi," akasema bila kuinua macho.

"Subiri kwanza, mwanangu. Hapa ni mahali pa kazi?"

"Hapa ni ofisi ya umma, mama."

"Kwa hiyo hamfanyi kazi."

Foleni ikacheka. Kesho akainua macho. "Tunafanya."

"Basi naomba kazi."

"Hatuajiri dirishani."

"Umeninyima?"

"Sijakunyima, nakueleza tu."

"Ukishaninyima piga muhuri. Si huo unao mkononi."

Akautazama muhuri wake kama amewekewa na mtu mwingine. "Mimi siruhusiwi kunyima. Anayenyima ni mkuu."

"Niitie."

Mkuu wa ofisi akatoka mwenyewe kabla ya kuitwa, kwa ajili ya kile kicheko. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba, kikombe kimefunikwa kwa kisahani.

"Kuna nini?"

"Huyu mama anaomba kazi hapa, mkuu," Kesho akasema. "Ili anyimwe."

Mkuu akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Unajua kufanya nini, mama?"

Ndugu zangu, hapa ndipo dhambi yangu inapoanzia. Mngekuwa nyinyi, mngesema: sijui chochote. Muhuri ungepigwa, posho ingeongezwa, na hadithi hii ingeishia kwenye aya hii. Lakini kwa miezi sita sikuulizwa swali hilo na mtu aliyesimama kusubiri jibu.

"Naona kasoro," nikasema.

"Kasoro gani?"

"Yoyote. Kifungo cha pili cha huyu kijana kimeshonewa uzi wa rangi nyingine. Na lile tangazo lenu la ukutani mmelipigilia limeinama, upande wa mlango uko chini."

Kesho akashika kifungo. Mkuu akageuka kulitazama tangazo, akalitazama muda.

"Mpitishe," akasema.

Chumba chake kilikuwa kidogo, meza, viti viwili, dirisha linaloangalia barabara. Juu ya meza rundo la kadi za kijani, zaidi ya arobaini.

"Wakubwa wangu wanasema kuna kadi za uongo zinapita hapa," akasema. "Mihuri ya kuchonga. Wiki nzima nazitazama, hadi zilizoletwa jana, zote naona zinafanana. Nionyeshe hata moja. Ukishindwa, nakunyima kwa mkono wangu na muhuri unaupata."

Yaani nilitakiwa kushindwa tu. Watu wanashindwa kila siku bila hata kujaribu. Mimi nikavuta kiti, nikasema, "Naomba tuwashe taa."

Nilizifungua kwa namna ninayofungua mashati, natazama ndani tu, sura ya mwenyewe siitazami. Mkaguzi hatakiwi kujua shati limeshonwa na nani, ndivyo nilivyofundishwa, na nilijisifia sana kwa hilo. Kadi kumi na mbili za kwanza zilipita.

Ya kumi na tatu ilikuwa na muhuri wa tanuri la mikate. Duara zuri. Lakini chini, pale mstari unapokutana na mwenzake, kulikuwa na mkia mdogo umetoka nje, si mrefu kuliko unywele wa kope.

"Hii inarudi," nikasema, nikaiweka kando.

Kadi nyingine, muhuri wa shule. Mkia uleule. Nyingine, gereji, wino mwingine, maneno mengine, mkia uleule mahali palepale.

"Inarudi. Hii nayo inarudi."

Kwa kuwa nimeahidi kuungama, naungama: niliona raha. Vidole vyangu vilikuwa vimepata kazi yao. Ule mkia niliusalimia kama mtu ninayemfahamu, na sikujiuliza nimemfahamia wapi.

Nilipofika mwisho, zilizorudi zilikuwa tisa. Mkuu alikuwa ameweka kikombe chini.

"Tisa," akasema. "Umejuaje?"

Nikaifunga ile ya mwisho kuiweka juu ya wenzake, na sura ikaja juu.

Alikuwa wifi yangu. Amevaa kitambaa changu cha kichwa, kile nilichomwazima siku ya kupiga picha akasema kinampa heshima.

Hapo kichwa kikafika mahali ambapo vidole vilishafika zamani. Wifi anatumia mkono wa kushoto. Akifunga mkato wowote, kifundo cha mkono kinamkatika kidogo kuelekea nje, na kisu kinaacha mkia. Miaka tisa ya matundu ya vifungo. "Wifi, mkia tena." "Hiyo ndiyo sahihi yangu, nitaifutaje?" Miaka tisa tumesemezana hivyo, na mimi nimeketi hapo natabasamu kama mwendawazimu, namrudisha.

Nikazifunga zile nane nyingine, moja baada ya moja. Mama wa mapacha, wa meza ya kola. Mzee wa pasi, ambaye hapandi ngazi bila kupumzika mara mbili. Yule binti wa mikono ya mashati, aliyefungiwa kiwanda akiwa na mimba ya miezi minane. Wote wa kiwandani kwetu. Wote ni watu ambao wasingeweza kuzunguka mji milango kumi na miwili, na aliyewazungukia alikuwa mwanamke mwenye magoti mabovu, amekaa kitako anachonga mihuri kwenye kipande cha raba.

Kazi nilifanya vizuri sana. Nilikuwa nimerudisha kiwanda kizima.

"Umejuaje?" mkuu akarudia.

"Ni mazoea ya macho tu."

"Macho yanaona kitu. Yameona nini?"

Nilikuwa nimelikumbuka lile tangazo la ukutani. Tangu tupewe kadi nimesimama mbele yake, na nilichoona ni kwamba limeinama. Lilikuwa limeandikwa hivi: atakayekutwa na muhuri wa uongo atafutwa kwenye posho, yeye na kila anayeishi naye nyumba moja.

Mkuu akadhani nangoja ahadi. "Nisikilize, mama. Macho hayo nayataka hapa. Jumatatu uanze. Kwa mshahara, kabla hujauliza."

Kwa hiyo nilikuwa nimepata kazi. Siku nzima natafuta mtu wa kuninyima, nimepewa kazi mbili kabla ya saa saba. Kama kuna malaika anayepokea maombi ya alfajiri, naye angefaa kukaguliwa.

"Tufunge faili lako la posho kwanza," mkuu akasema. "Lete kadi."

Nikafungua zipu, nikampa bila kuifungua. "Utakuta kumi na moja," nikasema. "Wa kumi na mbili ulikuwa uwe wako."

Akavaa miwani. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Akahesabu tena.

"Mimi naona kumi na mbili."

"Haiwezekani. Nimeizungukia kwa miguu yangu, mkuu. Ni kumi na moja."

Akanigeuzia kadi.

Kwenye kisanduku cha mwisho, kilichokuwa kitupu jana nilipokwenda kulala, kulikuwa na duara la wino wa zambarau. Muhuri wa duka la vitambaa ambalo sijawahi kulikanyaga. Wino ulikuwa mbichi kiasi kwamba umechapa alama hafifu upande wa pili wa kadi. Na chini, pale mstari unapokutana na mwenzake, mkia.

Kadi yako nimeshaiweka humu. Usiitoetoe njiani.

Nilijaribu kukasirika. Nawaambia ukweli, nilijitahidi. Lakini nilikuwa nimesali kwa sauti, hatua tatu kutoka mezani. Nilikuwa namwomba Mungu mlango mmoja na muhuri, na mwanamke yule alikuwa ameketi pale ananisikia. Akaona kwa nini mzigo wote abebe Mungu.

Mkuu akavua miwani. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametulia, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mimi pia hutulia hivyo ninapokuwa nimeshaona kasoro na nangoja mwenyewe aitaje.

"Wewe unasema kumi na moja," akasema. "Kadi inasema kumi na mbili. Na wewe ndiye mkaguzi. Sasa nikague hii kama ulivyokagua zile."

"Naomba niipeleke kwenye mwanga," nikasema.

Kiwandani, nikitaka kuwa na hakika, nilikuwa nalipeleka shati dirishani. Nikaichukua kadi, nikasimama dirishani. Sikuhitaji mwanga. Nilihitaji kumpa mgongo.

Nikisema inarudi, tumefutwa: mimi, wifi na wale wanane, na binti yangu anafungasha vitabu vyake akiwa amebakiza miezi mitatu. Nikisema inapita, nimedanganya huku jina la Mungu bado liko mdomoni tangu asubuhi, na itabidi niseme zile tisa nazo nilikosea, mimi Mama Kasoro, halafu Jumatatu nije nilipwe kwa ajili ya macho yangu. Habari ya mkia nilikuwa sijaitaja. Kati ya vyote nilivyoingia navyo chumbani mle, hicho ndicho kilichokuwa kimebaki changu.

Ng'ambo ya barabara nikamwona wifi. Amekuja mapema. Alikuwa amejifunga kile kitambaa changu, mwavuli mkononi, anavuka taratibu kwa ajili ya magoti, na usoni ana furaha ya mtu anayekwenda kupokea asante. Akainua kichwa. Akaniona dirishani na kadi mkononi, akanipungia, mkono wa kushoto.

"Mama," mkuu akasema nyuma yangu. "Inapita au inarudi?"

Miaka tisa swali hilo nimelijibu kabla mtu hajavuta pumzi. Nikasikia nyuma yangu mkuu anavuta kiti, anakaa kungoja.